Mahali Kilipoangukia Kitovu cha Murhula

Nilipokuwa mtoto, kabla sijajua hata kusoma saa vizuri, nilipewa kazi ya kulinda kitovu. Si changu, bali cha mdogo wangu Murhula, ambaye mama alikuwa ametoka naye materniti, hospitali ya kuzalia, siku chache tu zilizopita. Tulikaa Kadutu, pale mlima unaposhuka ghafla na nyumba zimeshikana utadhani zinaogopa kuteleza. Nyumbani kwetu tulikuwa wasichana watupu. Murhula ndiye aliyekuwa mvulana wa kwanza, na baba, fundi wa mbao, siku hizo alikuwa akipiga randa huku akiimba peke yake.

Koko, mama yake baba, aliteremka kutoka Kabare na kikapu cha ndizi, maharagwe na sheria zake. Mpaka kitovu kianguke, mama asitoke nje na mtoto. Na mtoto afungwe kitambaa kuzunguka tumbo, kushikilia kile kipande cheusi kilichobaki baada ya muuguzi kukata. Kwa sababu, alisema Koko, kitovu cha mtoto wa kiume kikianguka na kumgusa sehemu zake za siri, hatazaa kamwe.

"Nsimire, we macho yako iko mazuri," aliniambia. "Mama yako akisinzia, we angalia. Kisiangukie ile fasi."

Nilikuwa mtoto wa maswali, wa kumchosha mtu. "Koko, kitovu kinatoka wapi?"

"Kinatoka kwa mama yake."

"Na mu tumbo ya mutoto kinaenda wapi?"

Koko alifikiri kidogo, kisha akachora kwa kidole juu ya kitenge chake, kuanzia kitovuni kwenda chini. "Kinashuka. Kiko na muzizi. Uzao ya mutoto inapita mule. Kikikauka na kumugusa pale chini, kinakausha na ile ingine."

"Na siye basichana?"

"Nyinyi uzao yenu iko ndani, inafichwa. Ya mwanaume iko inje, kila kitu kinaipiga."

Hilo lilikuwa somo langu la kwanza la mwili wa binadamu, na mpaka leo naona lilifundishwa vizuri, maana lilijibu kila swali nililouliza. Mchana mzima nilijibonyeza tumbo nikitafuta mzizi wangu mwenyewe.

Siku moja Koko alikwenda soko la Nyawera kutafuta mafuta ya mawese. Alipokata kona tu, mama akafungua kile kitambaa. Kule materniti muuguzi alikuwa amemwambia akiache kitovu kipate hewa, kwamba kukifunga ndiko kunakokiozesha. Mama alikuwa katikati ya wanawake wawili, mmoja wa gauni jeupe na mmoja wa kitenge, na wote wawili aliwaogopa. Koko alipokuwa hayupo, alimsikiliza muuguzi.

Alimlaza Murhula mapajani, beseni la maji pembeni, akaanza kumwosha. Mimi nilisimama magotini pake nikifanya kazi yangu ya kutazama. Mtoto alirusha miguu. Kitovu kilikuwa kimebaki kushikwa na uzi tu, kikaning'inia, kikaachia, kikatua palepale tulipokatazwa. Kilikuwa kitu kidogo, chepesi kuliko ganda la haragwe. Mkono wa mama ulibaki hewani unadondosha maji.

"Umeona?" aliniuliza.

"Nimeona."

"Hapana. Haukuona kitu. Kilianguka mu beseni."

Koko aliporudi, aliona tumbo la mtoto na hakuuliza kilianguka lini. Aliuliza, "Wapi?"

"Mu beseni, mama," alisema mama, akiwa ameinama.

Koko alifurahi sana. Alikizungushia jani, akakizika nyuma ya nyumba chini ya chipukizi la mgomba, akamtoa mtoto nje aone jua, na jioni tukala kuku. Mama hakula. Nilidhani amechoka.

Mimi sikukata tamaa kwa ajili ya mdogo wangu. Nilifanya uchunguzi wangu. Kila asubuhi nilikagua nguo zake, na kila asubuhi zilikuwa zimelowa chapachapa. Nikamwendea mama na habari njema: "Mama, Murhula anakojoa muzuri sana."

Mama alinitazama kwa huruma. "Kukojoa si kuzala, mwanangu."

Sentensi hiyo niliielewa miaka mingi baadaye, nikiwa lise, sekondari ya wasichana. Masista waliotufundisha hawakuogopa somo lolote, na Sista wa biolojia alituchorea ubaoni mwili wa mwanaume na wa mwanamke bila kuficha kitu, wakati sisi tukificha nyuso nyuma ya madaftari. Alituonyesha kwamba mbegu za kiume hutengenezwa kwenye korodani, husafiri kwa mirija yake yenyewe, na kwamba njia yake na njia ya mkojo hukutana chini ya kibofu tu. Nikamkumbuka mama. Kumbe alikuwa amesema kweli tupu.

Halafu Sista akachora mtoto tumboni mwa mama yake, kondo la nyuma, na kitovu kikiwaunganisha na mishipa yake ya damu, mmoja wa kuleta na miwili ya kurudisha. Nikanyoosha kidole. Mishipa hiyo, ikishaingia ndani ya mtoto, inaelekea wapi? Sista alifurahi kuulizwa. Mmoja hupanda kwenda kwenye ini, alisema, na ile miwili hushuka, ikipita kandokando ya kibofu. Nilikaa chini. Hushuka! Koko, ambaye hakuwahi kuona chaki, alikuwa ameuchora vizuri kwa kidole.

Lakini Sista hakuishia hapo. Mtoto akishazaliwa, mishipa hiyo hujifunga ikawa kama kamba, na kile kipande kinachobaki nje hakina damu wala uhai, ni kama ukucha uliokatwa. Kinaweza kuangukia popote bila kudhuru chochote. Nilipanda mlima wa Kadutu karibu kukimbia. Nilimkuta mama anachambua maharagwe, nikamweleza yote kwa pumzi moja. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Huyo Sista," aliuliza, "alizala batoto bangapi?"

Nikaketi, nikamsaidia kuchambua maharagwe.

Murhula alikua akawa dume la mtu, mwenye ndevu na sauti ya kujaza kanisa. Baba alipofariki, yeye alirithi karakana. Mimi nilikuwa nimekwisha kuwa mwalimu wa biolojia. Murhula akamwoa Nabintu, msichana mpole mwenye kucheka upesi, na tukaanza kungoja mtoto. Mwaka ukapita, ukaja mwingine, na mwingine. Nabintu alinyweshwa mizizi michungu, akaombewa, akapimwa hospitalini na kukutwa mzima. Kicheko chake kiliisha taratibu, na roho iliniuma kuona hivyo. Nilimwambia Murhula kwamba naye apimwe, akacheka. Nilimwambia tonton, mdogo wake baba aliyekuwa mkubwa wa ukoo sasa, naye akacheka zaidi.

"Madame, angalia hizi ndevu," alisema akimshika Murhula kidevu. "Mwanaume wa namna hii iko na shida gani?"

Nilieleza kwamba korodani zina kazi mbili. Ya kwanza ni kuleta ndevu, sauti na nguvu, na ya pili ni kutengeneza mbegu, na hii ya pili inaweza kufa huku ya kwanza ikiendelea kama kawaida. Nilichora hata kwenye karatasi ya manila. Waliitazama kwa adabu, kama mtu anavyotazama kalenda ya mwaka jana.

Jumapili moja baada ya misa, ukoo ulikutana sebuleni kwa mama. Tonton alisema walichokuwa wamekwisha kukubaliana: Nabintu arudishwe kwao, Murhula aoe mwingine. Nabintu alikuwa ameketi karibu na mlango, mfuko wake wa nguo miguuni, amefungasha bila kuambiwa. Murhula alitazama sakafu. Hapo mama akasimama.

"Musimurudishe. Kosa haiko kwake."

"Iko kwa nani basi?" aliuliza tonton.

"Iko kwa mutoto yangu. Kitovu yake ilianguka pale. Ni miye nilifungua kitambaa, na nilidanganya mama yenu. Nsimire aliona."

Wote wakanigeukia. Sijawahi kuwaandalia wanafunzi wangu mtihani mgumu kama ule. Nikieleza ninachofundisha darasani, kwamba kitovu hakina kosa, Nabintu anaondoka. Nikinyamaza, mama anabaki peke yake.

"Ni kweli," nikasema. "Niliona kilipoangukia." Sikuongeza neno.

Tonton alivua kofia. Mtu yule aliyecheka karatasi yangu ya manila hakucheka sasa. Alimtazama Murhula, akamtazama mama, na kwa mara ya kwanza sikumsikia mtu chumbani mle akilitaja tumbo la Nabintu.

Murhula alitoka nje. Nilimfuata, nikamkuta ameegemea ukuta wa karakana.

"Yaya," aliniita, kama tunavyomwita dada mkubwa, "kweli uliona?"

"Niliona."

"Na unajua hii mambo. Kitovu inaweza?"

"Hapana, haiwezi. Lakini mwanaume anaweza kukosa mbegu kwa sababu zingine. Twende bakupime."

Alijiondoa ukutani. "Twende," alisema.

Daktari alimpima, akakuta hana mbegu, kisha akamuuliza kama aliwahi kuugua matubwitubwi akiwa amekwisha kubalehe. Nikakumbuka mimi kabla yake: kijana wetu mashavu yamevimba, halafu amelala juma zima hawezi kutembea vizuri, anaona haya kusema panapouma. Ugonjwa ulikuwa umeshuka kwenye korodani ukaua sehemu inayotengeneza mbegu, na ndevu ukaziacha.

Jioni nilimwambia mama. Aliniuliza, "Si kitovu?" Nikamjibu si kitovu. Akaniuliza tena, nami nikamjibu tena. Ndipo akalia, mama yangu ambaye sikuwahi kumwona akilia hata msibani.

"Niliogopa Koko yako mpaka akakufa," alisema. "Kila nikiangalia ule mutoto anacheza, niliona kama ni miye nilimuua."

Nabintu alibaki. Hawakupata mtoto, ila kicheko chake kilirudi. Siku moja, maana udadisi wangu haujawahi kupona, nilimuuliza kama yeye aliamini yale ya kitovu.

"Yaya, miye sijue kitovu inafanya nini," alinijibu. "Najua tu kama siku ile batu bote balinikataa, na mama mukwe akasimama."

Kwa muda mrefu niliona wivu kwa sababu walimwamini mama na hawakuniamini mimi niliyekuwa na ukweli. Siku hizi sioni wivu tena. Ukweli wangu nilikuwa nimepewa bure ubaoni na nikautoa bure. Mama alisimama mbele ya watu akatoa aibu yake na ya mwanawe wa kiume wa pekee, ili mtoto wa mwanamke mwingine asitoke na mfuko wake mlangoni. Alikosea kuhusu mwili, lakini mimi nisingeweza kusimama hivyo.