Nilivyomtafutia Ayeeyo theluji ya kucheza katika msitu wa serikali, wakati wa vita vya Shifta

Wakuu, salaam aleikum, na habari za asubuhi kwa wote wa humu ndani.

Mimi ni mzee, nimevuka themanini. Akaunti hii alinifungulia mjukuu, na naandika kwa kidole kimoja, kwa hiyo mtanivumilia. Ninachosimulia nilikiona kwa macho yangu. Atakayesema ni chai, na anywe.

Juzi member mmoja aliuliza ni sehemu gani ya msitu wa Mlima Kenya anaweza kupeleka watoto kucheza na theluji. Mkamcheka. Mwingine akamwambia akate tiketi ya Ulaya.

Mimi sikucheka. Swali hilo niliwahi kuliuliza mwenyewe, nikiwa nimenyooshewa bunduki.

Twende taratibu.

Ilikuwa mwaka wa sitini na sita, msimu wa mvua za vuli. Nilikuwa kijana wa miaka ishirini na mbili, mchanjaji wa ng'ombe wa serikali pale Garissa. Kwetu hasa ni upande wa Bura. Mama yangu alifariki nikiwa nanyonya, nikalelewa na mama yake, bibi yangu Dahabo. Kisomali bibi tunamwita ayeeyo, na mpaka leo siwezi kumwita jina lingine.

Vita vya Shifta, yaani wapiganaji wa Kisomali waliotaka mkoa wetu ujitenge na Kenya, vilimkuta Ayeeyo akiwa na ngamia wake. Vilipomwacha, hakuwa na hata mmoja. Wengine walikufa kwa risasi, wengine kwa kiu, wengine walichukuliwa. Nani alichukua nini, sitabishana humu, wengi waliohusika wako kaburini.

Kisha watu wa malisho wakakusanywa kwenye vijiji vyenye uzio na walinzi. Kutoka ni kwa ruhusa, kurudi ni kabla ya jua kuzama. Mwanamke aliyezoea kuhama akifuata mawingu, leo anaomba ruhusa kwenda kuokota kuni!

Ayeeyo akanyamaza. Halii, hagombi. Na mama huyu alikuwa na mdomo, wallahi. Alikuwa akikutania mpaka unasahau ulichokuja kuomba.

Mwezi ule nikatumwa kozi ya chanjo Nanyuki, wiki tatu. Huko Nanyuki alikuwa akiishi habaryar yangu Sahra, yaani mama mdogo, mtoto wa Ayeeyo, ana hoteli ndogo ya chai. Nikahangaika ofisini mpaka nikapata pasi ya Ayeeyo ya siku ishirini na moja, kwenda kumsalimia binti yake. Vijana, wakati ule Msomali kutoka kwetu hakuwa anatoka mkoani hivi hivi tu. Bila karatasi ile unalala ndani.

Sikumwambia mtu, lakini moyoni nilikuwa namtoa akafie mahali pa amani. Alikuwa amebaki mifupa.

Nanyuki hakupona. Sahra alimpikia supu, akampikia anjera, mkate wetu mwembamba, akamkamulia maziwa ya mbuzi. Vijiko viwili, anasukuma bakuli. Siku kumi na saba zikapita hivyo. Baridi ya kule mnaijua. Alikaa uani juu ya ngozi, amejifunga blanketi, anatazama chini.

Siku ya kumi na nane asubuhi mawingu yalifunguka.

Nilikuwa napiga mswaki. Nikasikia sauti nyuma yangu, "Huko juu nani amemwaga maziwa?"

Nikageuka. Ayeeyo alikuwa ameinua uso anautazama mlima.

Nikamwambia si maziwa, ni theluji, maji yaliyoganda.

"Nani anayapuliza mpaka yanaganda?"

"Mungu tu, Ayeeyo."

Akautazama mpaka wingu likarudi kufunika. Halafu akasema, "Watu wanafika?"

"Wazungu wanafika. Wanacheza nayo."

"Wazungu wana miguu mingapi?"

Sahra alikuwa mlangoni na birika. Tukatazamana. Ule ulikuwa utani wa kwanza kuusikia kutoka kwake tangu ngamia waondoke. Sahra akaingia jikoni haraka, nikamsikia anapenga kamasi.

Nikaapa pale pale kwamba mama huyu ataigusa theluji kabla pasi haijaisha.

Shida ni wapi! Kileleni hawezi, ni bibi wa karibu miaka sabini na kifua kibovu. Nilitaka mahali pa chini, panapofikika, penye theluji ya kuchezea tu. Nikauliza dukani, wakanicheka kama mlivyomcheka yule. Mzee mmoja muuza mbao ndiye aliyeniambia, "Nenda kituo cha msitu. Bwana msitu anaijua kila njia."

Nikakodi punda mwenye mkokoteni, nikampandisha Ayeeyo, tukaenda. Mnisamehe, nilikuwa kijana na akili yangu ilikuwa ndogo. Sikufikiria Wasomali wawili kuingia msituni mwaka ule kunaonekanaje.

Kwenye kizuizi, askari wa msitu alipotuona tu alitunyooshea bunduki. "Simama hapo! Shifta wamefika mpaka huku?"

Nikainua mikono. Nikamwambia mimi ni mtumishi wa serikali. Akaniambia ninyamaze. Ayeeyo yuko juu ya mkokoteni, mgongo umenyooka, anamtazama yule askari kama anavyotazama ngamia mkaidi.

Tukapelekwa ofisini kwa bwana msitu. Alikuwa Mmeru wa makamo, mfupi, kofia ya kaki, nitamwita Gitonga. Akauliza, "Mnatafuta nini kwenye msitu wangu?"

"Theluji, bwana."

"Theluji ya nini?"

Ayeeyo alikuwa na Kiswahili cha sokoni, kidogo sana, lakini swali alilielewa. Akajibu mwenyewe,

"Ya kusheza."

Yule askari akakohoa. Bwana Gitonga akamtazama Ayeeyo, akanitazama mimi, akamtazama tena Ayeeyo. Halafu akacheka mpaka akavua kofia.

Lakini pasi aliitaka. Aliposhika karatasi ile kicheko kikaisha. Akaisoma mara mbili, akapitisha kidole kwenye mhuri.

"Na nyumbani kwenu sasa mnakaa wapi?"

Nikamweleza juu ya kijiji, uzio, na saa za kurudi.

Akasema polepole, "Sisi wakati wa Emergency, ile ya Mau Mau, tulichimbiwa handaki kuzunguka kijiji. Ukivuka bila kipande unapigwa risasi. Mama yangu alifia ndani. Alikuwa anaomba kila siku aende kuona shamba lake, lilikuwa pale ng'ambo tu, unaliona kwa macho." Akanirudishia pasi. "Imebaki siku tatu. Kesho nakwenda na Landrover kukagua njia za kuzuia moto. Mje saa moja asubuhi."

Kisha akachukua penseli akatuchorea. Kuna sehemu tatu, alisema, ambapo watu huja kucheza theluji ikianguka chini. Akatoa na masharti kama mwalimu: hakuna kuwasha moto, hakuna kuteleza penye miti wala kuelekea barabarani, mlichokuja nacho mrudi nacho, na nikisema turudi tunarudi.

Ayeeyo akaniuliza kwa Kisomali msitu huu ni wa nani. Nikamtafsiria bwana Gitonga.

"Mwambie ni wa serikali. Kwa hiyo ni wa wananchi. Ni wake pia."

Nikamwambia. Akauliza, "Serikali gani? Ile iliyotuwekea uzio?"

Niliogopa kutafsiri hilo, wakuu. Lakini bwana Gitonga alikuwa anasubiri, nikasema.

Akainamisha kichwa. "Mwambie ndiyo. Ile ile."

Ayeeyo akafikiri kidogo, akamjibu moja kwa moja kwa Kiswahili chake, "Bas. Kesho itoe kitu."

Kesho yake tukaondoka. Ayeeyo mbele na bwana Gitonga, mimi nyuma na majembe na magunia. Habaryar Sahra alikuwa amemfunga bibi mablanketi mawili na soksi za mumewe.

Sehemu ya kwanza ilikuwa uwanja wazi katikati ya mierezi. Tukakuta matope na mavi ya nyati. Ayeeyo akachungulia, akasema, "Hii hata Bura ipo."

Sehemu ya pili, juu zaidi, ilikuwa bonde la nyasi. Asubuhi kulikuwa na ukungu ulioganda, lakini jua lilishaupiga. Nyasi zinadondosha maji tu. Bwana Gitonga akapiga usukani kwa kiganja, alikuwa amekasirika kuliko mimi.

Baada ya hapo njia ikawa mbaya, gari linanguruma na kurudi nyuma. Kichwa kinaniuma kwa kule kupanda juu. Nikasikia kifua cha Ayeeyo kinapiga mluzi. Nikaogopa. Nikawaza, nimemtoa kwenye risasi nije nimuue kwa mchezo?

Nikasema, "Ayeeyo, turudi. Umeshaiona kwa mbali, inatosha."

Hakugeuka hata. "Mimi nilitembea kutoka Hulugho mpaka mtoni na mimba ya mama yako tumboni. Wewe umekaa juu ya gunia. Nyamaza."

Bwana Gitonga hakujua Kisomali lakini alielewa, akakanyaga mafuta.

Sehemu ya tatu ilikuwa pale miti inapoisha. Tukaacha gari, nikambeba Ayeeyo mgongoni. Alikuwa mwepesi, mwepesi kuliko mbuzi, na hilo liliniuma. Tukapita vichaka, tukazunguka mwamba.

Ikawa hapo.

Kibonde kidogo kwenye kivuli, cheupe chote, kina kimefika kwenye kifundo cha mguu. Ilikuwa imeanguka jana yake. Hakuna alama ya mguu wa mtu, ni vinyayo vya ndege tu.

Nikamshusha. Akapiga magoti, akaweka kiganja juu, akakitoa haraka. "Inauma kama moto!" Akakiweka tena. Akachota, akanusa, akaonja. Akajipaka usoni, na maji yakashuka kwenye mikunjo ya mashavu yake.

Bwana Gitonga akatandika gunia kwenye mteremko, akakaa, akateleza mwenyewe kwanza kumwonyesha. Afisa mzima wa serikali, magoti juu, kofia imeruka.

Ayeeyo akasema, "Na mimi."

Nikakaa nyuma yake nikamkumbatia, bwana Gitonga akatusukuma. Si mbali, labda hatua ishirini. Lakini katikati ya mteremko nilisikia kitu kifuani mwake kinatikisika, nikadhani ni kifua kimembana.

Alikuwa anacheka.

Tukateleza mara tano. Mara ya sita akanifukuza, akateleza peke yake, akaangukia ubavu, akainuka na donge mkononi akamtupia bwana Gitonga, likampata sikioni. Bwana msitu akapiga ukelele kama mtoto, akalipiza.

Kisha Ayeeyo akachoka, akakaa. Akaanza kulia. Akawataja ngamia wake kwa majina, mmoja mmoja, Deero, Suuban, na watoto wao, akisema maji yote haya yamelala hapa na ninyi mlikufa na kiu. Hakuwa amewataja tangu siku ile. Bwana Gitonga alivua koti lake zito akamfunika mabegani, akaenda kusimama kando, akatugeuzia mgongo.

Adhuhuri ilipofika akatawadha kwa theluji iliyoyeyuka mikononi mwake, akaswali juu ya lile koti.

Jioni ile kwa Sahra alikula sahani nzima ya wali na nyama, akaomba nyingine, akalalamika chumvi ni kidogo. Sahra hajawahi kufurahi hivyo kwa kusemwa mapishi.

Sasa ndipo tukamwambia mpango wetu. Abaki. Sahra angemficha, tungetafuta njia ya karatasi baadaye.

Akakataa.

"Wenzangu wako ndani ya uzio. Watoto wa jirani yangu wananiita ayeeyo. Nikikaa hapa nakula wali, nani atawaambia?"

"Atawaambia nini?"

"Kwamba dunia bado ni kubwa."

Pasi ilipoisha tulirudi. Nilimfikisha mpaka kwenye lango la kijiji, akaingia kwa miguu yake. Wanawake walimzunguka, na kabla sijageuka nilimsikia ameshaanza kusimulia, na mmoja anambishia kwa kelele.

Vita vikaisha mwaka uliofuata, uzio ukaja ukaondolewa. Ayeeyo akaanza upya na mbuzi. Bwana Gitonga nilimwandikia barua, akajibu, tukawa tunaandikiana. Miaka kadhaa baadaye alikuja Garissa kikazi, nikampeleka Bura. Ayeeyo alimkaribisha kwa bakuli la maziwa ya ngamia aliyoomba kwa jirani, akasimama juu yake mpaka akamaliza lote. Tumbo lilimsumbua siku mbili. Ayeeyo akaniambia, "Mwambie msitu wake ulinipa baridi, mimi nimempa joto."

Aliishi miaka kumi na moja baada ya siku ile. Alikufa kitandani kwake, mlango wazi, mbuzi wakilia nje.

Nilichojifunza, wakuu? Tulihangaika zaidi ya wiki mbili kumtafutia bibi yangu chakula, kumbe alikuwa na njaa ya kitu kingine, na asingekisema kama mawingu yasingefunguka. Siku hizi mtu wangu akinyamaza sana simpi pole tu. Nakaa karibu, namngojea aniambie anatamani kuona nini.

Na wewe uliyeuliza, msikilize mzee: fika kituo cha msitu kilicho karibu, uliza kwa heshima, fuata masharti, beba nguo nzito na gunia. Ukikosa sehemu ya kwanza, panda mpaka ya pili.

Kuna mwingine humu aliyewahi kumpeleka mzee wake mahali alipopatamani? Andikeni hapa chini. Miwani ninayo, nitasoma zote.