Fahali wa Chemchemi

Nilipokuwa mtoto wa kutumwa maji, huko juu ya Malinya, vyura kwetu walikuwa wa aina mbili. Mwenye vipembe juu ya macho alikuwa fahali wa maji. Asiye na pembe alikuwa chura tu, tukimpiga mawe. Huyo fahali alipatikana kwenye chemchemi yetu tu, chini ya mawe ya kilima. Akinguruma jioni, watu walisema maji yana mwenyewe. Akifukuzwa, maji yanamfuata.

Kisha wazimu wa miwa ukaingia. Watu walipanda mpaka mlangoni. Baba naye akaita trekta ilime kinamasi cha chemchemi.

"Mama, miwa haingojangi chura," alimwambia Kukhu, nyanya yangu.

"Basi nimhamishe kwanza. Hata wewe, mjinga, ng'ombe humtoi bomani bila kumtafutia boma lingine."

Tukamtia chunguni na tope lake. Kukhu akambeba kichwani akimwimbia kama fahali anayepelekwa uwanjani kupigana, mimi nyuma na kijiti cha kumswaga. Tukamwachilia kwenye kijito cha kaka yake Kukhu, upande wa Lubao. Tukachinjiwa kuku, ingokho wa mgeni, tukalala tukijiona watu wa maana.

Kesho yake jioni fahali alinguruma, akanyamaza kama anayesikiliza, akanguruma tena.

"Dada, mgeni wako analilianga nini?" kaka yake akauliza. "Maji anayo, wadudu anao."

"Fahali wako akilia hivyo, hulilia nini?"

"Mitamba, nini tena!" Akacheka mpaka akakohoa.

Kukhu hakucheka. Tonge la obusuma, ugali wetu, lilibaki mkononi.

"Wale wasio na pembe," alisema.

Alfajiri alichukua chungu kitupu, tukarudi karibu kwa mbio. Kinamasi kilikuwa matuta. Baba alisimama katikati, ameridhika.

Fahali alinguruma kule Lubao msimu ule, kisha basi. Chemchemi nayo ilikauka. Wengine husema ilimfuata. Mimi husema tuliilima. Wajukuu wakiniuliza chura mwenye pembe anapatikana wapi, nawaambia hapatikani, nendeni mkachote maji.

Lakini mvua ikinyesha jioni, bado natega sikio. Ng'ombe tuliwajua sisi, na fahali tukamwimbia. Tulimhamisha dume kwa heshima zote, na wake zake tukawaachia trekta, kwa sababu tulishawaita vyura tu.