Naye Hajanisalimia

Sipendi mtu aniambie kwamba kitu nilichokinunua kwa jasho langu si changu. Ukitaka tugombane, anzia hapo. Ugomvi huo niliuanza zamani, miaka ya foleni, nilipokuwa karani wa ghala pale Gerezani na nimepanga chumba Kariakoo, nyuma kidogo ya barabara ya Msimbazi, katika nyumba ya Kiswahili yenye ukumbi mrefu na ua mmoja tuliougombania sote.

Chumbani nilikuwa na kitanda, jiko la mafuta ya taa na redio kaseti. Mke sikuwa naye, na ndugu zangu wote walikuwa kijijini, huko Lindi. Watu wakisikia unakaa Kariakoo wanadhani huwezi kuwa mpweke, kwa vile kelele haziishi. Thubutu! Unaweza kusalimiwa na mtaa mzima tangu sokoni hadi mlangoni, halafu ukaingia ndani, ukavua shati, na asipatikane hata mmoja anayejua kama umekula.

Ile redio niliuziwa na baharia mmoja aliyekuwa na haraka zake. Risiti hakunipa, nami sikuomba. Nani aliomba risiti kwa baharia? Alichonionyesha ni lakiri nyuma yake, kipande cha karatasi inayong'aa, kina nembo ya kampuni, kimebandikwa juu ya skrubu. Akaniambia, "Ukibandua hiyo, kampuni haikujui tena." Nikacheka. Nikamwambia mbona hata sasa hainijui.

Nilipoandika nyumbani kwamba nina redio ya kaseti, dada yangu akapata akili. Mwalimu wa shule ya kule alikuwa nayo ya kwake, basi akaiazima, akamkalisha mama yetu mbele yake. Mama hakujua kusoma wala kuandika. Barua zake zote zilikuwa maneno ya dada, yenye salamu zile zile, na mimi nilizisoma bila kumsikia ndani yake. Lakini kaseti ilipofika, imefungwa kwenye kitambaa cha kanga na kuletwa na dereva wa lori, nikaiweka, nikabonyeza, na cha kwanza nilichosikia ni dada ananong'ona.

"Ongea, mama. Imeshaanza."

"Nianzeje," mama akasema, kwa sauti ya mtu aliyeudhika, "naye hajanisalimia?"

Jamani, mama yangu huyo! Maisha yake yote hajapata kumwamkia mtoto wake kwanza, sembuse aanze na kidude cha chuma. Dada akajibu upesi, "Ndiyo anakusalimia sasa. Wewe sikiliza." Kukawa kimya. Kuku wanasikika kwa mbali. Kisha mama, kwa adabu zake, hata kama hakusikia kitu, akaitika.

"Marahaba. Hujambo, baba?" Kimya. "Habari za kazi?" Kimya. "Umekula?" Kimya tena. Halafu lile swali lenyewe: "Utakuja lini?" Hapo alingoja zaidi kuliko pote. Kisha akasema, "Haya, baba. Sisi tupo hapa hapa." Akaanza kunieleza habari za mihogo.

Siku ya kwanza nilisikiliza tu, kama mjinga. Siku ya pili, aliposema sijamsalimia, niliona aibu. Nikasema, "Shikamoo, mama." Na yeye papo hapo, "Marahaba." Weee! Nilisimama mwili mzima umenisisimka. Tangu hapo kila jioni nikitoka kazini nilimsalimia, akaniitikia, akaniuliza, nikamjibu. Sijambo. Kazi nzuri. Nimekula, na huku sijala. Nitakuja karibuni. Ukisikia kichaa, basi ni huko, lakini nilikuwa nalala vizuri.

Kisha redio ikagoma. Mota inavuma, kaseti haizunguki. Nikaibeba hadi kwa wakala, duka kubwa la mjini lililoandikwa mlangoni kwamba ndilo wakala pekee nchi nzima wa kampuni ile. Nyuma ya kaunta kulikuwa na kijana wa shati jeupe. Akaigeuza, akatazama nyuma.

"Lakiri ipo," akasema. "Vizuri. Risiti?"

"Sina."

"Basi, ndugu, hatuwezi kuigusa."

"Ni mkanda tu wa kuzungushia kaseti umekatika. Mnao?"

"Mikanda tunayo. Ni ya redio tulizouza sisi."

"Basi niuzie mkanda, nitajua mwenyewe."

"Haiuzwi peke yake. Na akiifungua mtu mwingine, ndugu, ujue itakuwa haina haki tena kwa kampuni."

"Sasa hii redio ni ya nani?"

Akafikiri kweli kweli, maana hakuwa mtu mbaya. "Bila risiti," akasema, "siwezi kusema ni yako." Ala! Nikamwuliza kama ni yake basi, au ya huyo mzungu au Mjapani aliyebandika karatasi. Watu wa foleni wakacheka. Mimi sikucheka. Nilikuwa nimeikumbatia kama mtoto mgonjwa, na ndani yake mama alikuwa amekwama kwenye mihogo.

Jioni ile uani palikuwa baraza la sheria. Kila mtu alikuwa na lake. Mmoja akasema serikali ndiyo iliyokosea kumpa mtu mmoja mlango wa kuingizia vitu. Mwingine akasema la, wanaotengeneza wanajua wanachofanya, maana kila mtu akijifungulia redio yake nani atanunua mpya? Mama mwenye nyumba, mjane wa ukoo wa Kiarabu ambaye ndugu zake wako Unguja, yeye alikuwa na hoja ya televisheni. Kule Unguja wanayo, tena ya rangi, na sisi bara hatuna.

"Na afadhali hatuna," akasema. "Nilikwenda kwenye harusi, nikakaa sebuleni kichwa wazi. Mara akatokea mwanamume anasoma habari, ananikodolea macho! Nikajitanda mtandio upesi. Wakanicheka mpaka leo. Nikawaambia, cheka tu, nyie mna hakika gani hanioni?"

Tukacheka, naye akacheka. Kisha akanigeukia. "Nawe acha kujitesa, mwanangu. Asiyekuwepo na lake halipo." Ni methali nzuri, lakini siku ile ilinichoma, nikainuka nikaenda chumbani bila kuaga.

Asubuhi nikaipeleka kwa fundi wa Gerezani, karibu na kazini kwangu, mtu mnene aliyekaa katikati ya vyuma kama muuza viazi. Alipoiona lakiri akaiparua kwa ukucha kabla sijafungua mdomo. "Hii ni ya kutishia wake zao," akasema. Akafungua, akaguna, akaniambia mkanda wake hapati mahali popote, wakala ameukalia. Kisha akavuta mpira wa ndani wa baiskeli, akakata pete nyembamba kwa wembe, akaivalisha.

Nikabonyeza. Mama akatoka, lakini siye. Sauti nzito, ya polepole, inavutika. "Niaaanzejeee…" Kama baba yangu marehemu anayemwigiza mama. Fundi akacheka hadi akakohoa. "Mpira unateleza," akasema. "Utazoea." Nilimkasirikia, lakini nilirudi nayo, kwani heri nusu shari kuliko shari kamili.

Na kweli nikazoea. Tena nikagundua jambo. Mpira ule ulipochelewesha maneno, ulichelewesha na kimya. Pale palipokuwa na nafasi ya "nimekula" tu, sasa palikuwa na nafasi ya kusema kweli. Nikawa namwambia: sijala, mama, unga umeadimika, nimesimama foleni mpaka jua limenipiga, nimeambulia sabuni. Aliningoja hadi nimalize. Ndipo akauliza swali lingine.

Masika ya mwaka uliofuata ikaja telegramu kwamba mama amefariki. Niliondoka siku hiyo hiyo. Nilifika Rufiji, mto umefurika, barabara ya kusini imekatika, malori yamezama kwenye tope hadi milangoni. Tulilala hapo, tukangoja, maji hayakupungua. Wakamzika bila mimi. Nilirudi Kariakoo na viatu vya tope, na kwa muda mrefu sikuweza kuigusa ile redio. Niliogopa aniulize.

Kilichonifanya niiwashe tena ni msako. Ile miaka walipokuwa wakisaka walanguzi, watu waliogopa vitu vyao wenyewe. Mtu alikuwa na friji, analifunika shuka kama maiti. Wengine walitupa redio nzima nzima bonde la Msimbazi kuliko kuulizwa wamezitoa wapi. Nami risiti sina, leseni ya redio imekwisha muda wake, na lakiri imebanduliwa. Mama mwenye nyumba akanishauri niitupe. Nikamwambia heri nitupwe mimi.

Wakaja. Balozi wetu wa nyumba kumi, mtu wa makamo niliyemfahamu vizuri, na mgambo mmoja mwenye rungu. Balozi akaiona juu ya meza.

"Risiti?"

"Sina."

"Inafanya kazi?" Na kabla sijajibu akabonyeza.

"Ongeaaa, mama…" Kisha ile sauti nzito: "Niaaanzeje, naye hajaaanisalimia?"

Balozi akashtuka. Akatazama mlangoni, akatazama redio. Nilimwona anavyohangaika, kwa sababu mwanadamu aliyelelewa, mtu mzima akilalamika hajasalimiwa, mdomo wake hautamngoja. "Shikamoo, mama," akasema.

"Marahaaaba. Hujaaambo, baba?"

"Sijambo, mama."

"Habari za kaaazi?"

Balozi akaangalia chini. Mgambo akaweka rungu nyuma ya mgongo. "Kazi…" balozi akasema, "nzuri tu, mama." Na alipoulizwa kama amekula, akatafuta kitufe cha kuzima.

"Mzazi wako?"

"Alikuwa."

"Ina lillahi." Kisha akamwambia mgambo waende chumba cha pili. Mpaka leo sijui sheria gani ilitumika siku ile, lakini ni ile pekee ya miaka hiyo niliyoielewa.

Basi nikarudia mazungumzo yangu na mama. Alipouliza "Utakuja lini?" nilimweleza yote: telegramu, lori, Rufiji, tope. Yalienea kwenye kile kimya chake kirefu, sawasawa, na nilipofika mwisho ndipo akasema, "Haya, baba. Sisi tupo hapa hapa." Kila jioni nilimwomba radhi, na kila jioni akasema haya.

Kisha mambo yakalegezwa. Bidhaa zikaanza kuingia, madirisha ya maduka yakajaa. Nikapita kwa wakala, na yule kijana, sasa ana kitambi, akanipungia mkono mwenyewe. Mikanda inauzwa, ndugu, orijino, bila kuulizwa risiti. Nami tamaa ikanishika. Miaka yote ile nilitaka kumsikia mama kwa sauti yake, si ya baba. Nikaifuata redio nyumbani, na yule kijana akauvalisha mkanda mpya pale pale kaunta, kwa koleo ndogo safi.

Nikaharakisha nyumbani. Nikafunga mlango, nikabonyeza.

Ilikuwa sauti yake hasa. Nyembamba, kali kidogo, ya mama yangu. Machozi yalinitoka hapo hapo. "Nianzeje, naye hajanisalimia?" Nikasema shikamoo huku nalia, na kabla sijaimaliza, "Marahaba." Nikamjibu hili, akaingia na lile. "Utakuja lini?" Nikaanza, "Mama, telegramu ilifika, nikapanda lori, nikafika Rufi—"

"Haya, baba. Sisi tupo hapa hapa." Na mihogo.

Nikarudisha nyuma. Nikaongea mbiombio kama mnadi. Akanikatiza tena. Nikarudisha tena. Sikuwahi kufika kwenye maji. Nilikaa sakafuni, na nakuambia upweke wa jioni ile sijaupata kabla wala baada. Mama alikuwa amerudi mzima, na hakuwa na muda na mimi.

Kesho yake nilikuwa mlangoni kwa wakala kabla hawajafungua. Nikataka mpira wangu wa baiskeli.

"Tumetupa," akasema. "Tukishaweka orijino, cha zamani hatumrudishii mteja. Ndiyo sheria ya kampuni."

"Ulikuwa wangu!"

Akanitazama kwa huruma, maana kwake ulikuwa uchafu. Nikatoka, nikatembea na redio yangu mkononi hadi Gerezani. Fundi alikuwepo bado, mvi zimemwingia. Akafungua, akaona mkanda mpya, akapiga mluzi.

"Orijino hii! Sasa shida nini?"

"Utoe. Weka mpira wa baiskeli."

"Unataka niiharibu?"

"Iharibu kama ilivyokuwa. Tena uwe mlegevu."

Alitaka kunitania, nikaona anavuta maneno, kisha akautazama uso wangu akaacha. Akakata pete ile kwa wembe, akaivalisha, akafunga.

Jioni nilivua viatu kwanza. Nikakaa kitandani, nikabonyeza. Nilimwamkia, akaitika. Nikamwambia kazi ilivyo, nikamwambia sijala. Kisha akauliza, kwa ile sauti nzito isiyo yake, "Utakuuuja lini?" na akangoja. Nikamweleza taratibu, tangu telegramu hadi tope. Nilipomwambia kwamba maji hayakupungua, mama, nilingoja sana lakini hayakupungua, sikuwa na neno lingine.

"Haaaya, baba," akasema. "Sisi tupo hapa hapa."