Kiti cha Tatu Mnazi Mmoja

Mpaka leo ukiniuliza kama mjomba wangu alikosea, nitakujibu ndiyo, na kabla hujanyanyuka nitakujibu hapana.

Mjomba alikuwa fundi katika karakana ya reli Gerezani, lakini nyumba yake ilikuwa bondeni Jangwani, na kila masika maji yaliingia mpaka uvunguni mwa kitanda. Alitaka mtaro. Aliandika barua za kuuomba mpaka akachoka, akaona njia iliyobaki ni kuwa mbunge, akajaza fomu. Wajumbe wa chama wilayani walipopiga kura akawa wa tatu, na waliopelekwa kwa wananchi kupigiwa kura walikuwa wawili tu, mmoja alama yake jembe, mwenzake nyumba. Mtu angedhani mambo yaliishia hapo. Mjomba hakudhani.

Mimi nilikuwa karani wa ofisi ya chama pale Kariakoo, na kwenye mikutano ya kampeni kazi yangu ilikuwa kuandika majina na kushika saa. Niliipenda kazi ile kwa sababu ya haki yake. Wagombea wote wawili walikuja kwa gari moja, wakakaa jukwaa moja, wakapewa dakika zilezile. Hakuna aliyeruhusiwa kutaja dini wala kabila la mwenzake. Mmoja akikohoa, nilikuwa nawaza kama nimfidie sekunde.

Siku tatu kabla ya mkutano wa Mnazi Mmoja mjomba alikuja ofisini. Nikampa shikamoo, akaitikia, akaniambia na yeye anataka kuzungumza jukwaani, mgombea wa kujitegemea. Si tunahimizwa kujitegemea kila siku redioni?

Nilijua haiwezekani. Enzi zile za chama kimoja, mgombea asiyepitishwa na chama hakuwapo kabisa. Lakini nani amwambie mjomba wake hapana, usoni, tena mjomba aliyemlea? Nikafanya kama tunavyofanya sisi, nikatafuta kisababu kidogo cha kumstiri. Nikamwambia viti vya jukwaani ni viwili tu. Akatafakari, akasema nimemsaidia sana. Sikuelewa nimemsaidia nini.

Jumamosi, baada ya alasiri, uwanja umejaa na wagombea wameshakaa, namwona mjomba anakuja kutoka upande wa Kariakoo, kiti cha mezani kwake kiko kichwani. Kaunda suti imepigwa pasi. Akapanda ngazi, akamsalimia msimamizi wa mkutano kwa adabu, akakipanga kiti chake sambamba na vile viwili, akakaa. Watu wakapiga makofi wakidhani ndio utaratibu. Mama mmoja wa mstari wa mbele akauliza alama yake ni ipi, maana jembe analijua na nyumba anaijua, huyu wa pembeni atamtilia kura wapi?

Msimamizi, mzee mpole, alichanganyikiwa kuliko mimi. Kumshusha mtu mzima aliyekaa kwenye kiti chake mwenyewe, mbele ya umati, hakutaka. Wa jembe akasema hana pingamizi. Wa nyumba akasema kama mwenzake hana, na yeye hana. Karatasi ya kanuni niliyokuwa nayo ilisema dakika sawa kwa wagombea wote. Mgombea ni nani haikusema, au ilisema kwenye ukurasa ambao hatukuletewa. Niliisoma mara tatu na kila mara nikazidi kupotea.

Msimamizi akanigeukia. "Karani, huyu ndugu yumo kwenye orodha yako?"

Kalamu ilikuwa mkononi mwangu. Chini ya yale majina mawili palikuwa na nafasi ya la tatu, hata la nne. Nikamtazama mjomba. Hakunikonyeza wala hakuniomba. Alikaa mikono magotini, akingoja ile haki niliyokuwa nikiisifu mbele yake kila nikienda kula kwake. Niliogopa. Niliogopea kazi yangu, niseme kweli, ingawa wakati ule nilijiambia nailinda orodha.

"Hayumo," nikasema.

Mjomba akainuka, akabeba kiti chake, akashuka. Hakuna aliyemzomea. Mkutano ukaendelea, nikawapimia wale wawili dakika zao sawasawa, na hakuna aliyetaja maji ya Jangwani.

Magharibi nikaenda kwake kumwomba radhi. Nikaanza kumweleza kanuni, nikakwama katikati, kwa sababu sikujua naeleza kwa nini alishushwa au kwa nini mimi ndiye niliyemshusha. Nikarudia tangu mwanzo, nikakwama palepale. Alinisikiliza mpaka maneno yakaniishia.

"Hukusema uongo, mwanangu," akaniambia. "Sikuwemo. Ndiyo maana nilikuja kwako."