Kikombe cha Maji cha Papa Neema

Sinywi pombe, na siku hiyo sikuwa na homa. Nasema mapema kwa sababu kila nikisimulia jambo hili, swali la kwanza ni hilo. Tena halikutokea usiku, wala makaburini. Lilitokea saa saba mchana, jua likiwa kali, mlangoni pangu hapa Uvira, nikiwa nimekaa kwenye cherehani yangu nashona sare za shule. Ukitaka kuamini, amini. Usipotaka, basi shika walau yale maneno ya mwisho, maana hayo hata daktari atakuambia.

Mimi ni fundi wa nguo, lakini mtaani kwetu hakuna aliyekuwa akiniita fundi. Waliniita Dokta ya Mbwa. Sikusomea popote. Nilifuga mbwa tangu utoto, basi, na mdomo ninao. Mbwa wa mtu akijikuna hadi kutoka damu, mtu huyo anakuja kwangu. Mbwa akikonda huku tumbo limevimba, namwambia mwenyewe ni minyoo, ampeleke kwa veterineri, daktari wa mifugo, akapewe dawa, na aache kumtupia matumbo mabichi ya samaki. Nilikuwa nawaambia wasimpige mbwa aliyerudi baada ya kuitwa, hata kama ameiba nyama, kwa sababu kesho ukimwita hatakuja. Hayo yalikuwa ya kweli na bado nayasema.

Mbwa wangu mwenyewe aliitwa Bobi. Nilimfundisha kwa ndagala wakavu, wale dagaa wa ziwani, mmoja mmoja, na kwa Kifaransa, kwa sababu kwetu hata mbwa huheshimu amri ikiwa ya Kifaransa. Ukimwambia "Asi!" anaketi wima, masikio juu, macho kwako. Watoto wa jirani walikuja kumwambia "Asi" mpaka nikawafukuza. Nami kichwa kilivimba, nisikufiche.

Mgema akisifiwa, tembo hulitia maji. Sifa zangu mimi zilitoka kwenye jiwe. Wengi mnalijua lile jiwe jeusi, jepesi, linalouzwa kwa siri na watu wanaosema limetoka mbali. Mtu akiumwa na mbwa, unamchanja kidogo pale kwenye kidonda, unaliweka jiwe, likishika kwenye damu mnasema linanyonya sumu. Likianguka lenyewe, sumu imekwisha. Mimi niliongeza na majivu ya manyoya ya mbwa aliyeuma, kama alivyofanya babu yangu. Na wote waliokuja kwangu walipona. Sasa fikiri, walipona kwa nini? Kwa sababu mbwa waliowauma hawakuwa wagonjwa. Walikuwa mbwa wakali tu, wanaolinda nyumba. Hata ningewawekea kipande cha makala, makaa haya ya kupikia, wangepona. Lakini nani alifikiri hivyo wakati ule? Si mimi.

Mwanzo wa mvua alinijia mfugaji mmoja wa Rurambo, kule juu milimani. Tulimwita Papa Neema, kwa jina la binti yake mkubwa. Mbwa wake wa kuchunga ng'ombe alikuwa amemng'ata kiganja cha kulia, kisha akakimbilia porini, asionekane tena. Papa Neema akateremka mpaka bondeni, akapanda pikipiki mpaka mjini, na pale sokoni watu wakamwelekeza kwangu. Aliniambia mwenyewe, amesimama hapo mlangoni:

"Nilikuwa naenda ku hospitali, lakini banasema weye unajua kuliko."

Nilicheka. Nikalileta jiwe. Lilishika vizuri sana siku hiyo, nikamwonyesha kwa fahari jinsi lilivyong'ang'ania. Lilipoanguka nikalirudisha kwenye kopo langu la vifungo, naye akapanda zake milimani, na wiki iliyofuata akanitumia kidumu cha maziwa kwa mtu aliyekuwa anateremka sokoni. Tulikuwa tumepeana namba za simu; nikaihifadhi yake, nikamsahau.

Wakati huohuo Bobi wangu alikuwa amepigana korongoni na mbwa asiye na mwenyewe, akarudi na sikio limechanika. Nilimwosha, sikio likapona. Wiki kadhaa baadaye akaacha kula. Akawa anajificha chini ya meza ya kukatia vitambaa, anatafuna mguu wa meza. Sauti yake ikakwaruza, akibweka unadhani ni mbwa mwingine. Wewe unayefuga mbwa, unanielewa? Mtu mwingine angekuja kunieleza hayo, ningeshtuka. Lakini huyu alikuwa Bobi. Nikasema ni jino linamsumbua. Wahenga walisema mganga hajigangi, na walijua.

Jumanne binti yangu Furaha, wa miaka saba, alimpelekea bugali kwenye sahani. Bobi akamng'ata mkono, juu kidogo ya kiwiko. Matundu mawili tu, madogo. Mke wangu alikuwa ametoka kuuza ndagala sokoni, bado hajaweka hata beseni chini.

"Papa Furaha, tumupeleke mutoto ku hospitali."

"Ku hospitali? Minye ni nani mu hii mutaa?"

Nilimfunga Bobi kwenye mpera. Kisha nikamchanja mwanangu kwa wembe, nikaweka jiwe, nikapaka majivu. Alilia. Nilimwambia anyamaze. Hilo linaniuma hadi leo kuliko yote.

Alhamisi, saa saba mchana, mke wangu yuko sokoni. Furaha amerudi kutoka shule, amelala kwenye mkeka hapo kizingitini. Bobi alikuwa ameshinda asubuhi nzima akibweka kwa ile sauti ya kukwaruza, mate yanamtiririka, na sahani yake ya maji imejaa kama nilivyoiacha jana. Ghafla akanyamaza. Nikainua kichwa, nikamwona Papa Neema amesimama ndani ya ua.

Nilifurahi, kweli kabisa. Nikanyanyuka nimsalimie. Hakutoa mkono. Alikuwa amevaa lile koti zito wanalovaa watu wa milimani kwa sababu ya baridi, na jua lile lilivyokuwa linachoma, usoni hakuwa na hata tone la jasho. Nilimvutia kiti, akakitazama tu.

"Dokta, unipatie mayi ya kunywa."

Nikachota kwenye bidoni, dumu letu la maji, kwa kikombe cha bati, nikampa. Alikipokea kwa mkono wa kushoto, akakipeleka mdomoni. Kabla hakijafika, koo lake likaruka. Niamini, niliona koo likiruka, taya likakakamaa, akageuza uso upande. Akanirudishia kikombe.

"Unipatie tena."

Nikampa tena. Ikawa vilevile. Mara ya tatu nikawa nambembeleza kama mtoto, kamata, kamata, kunywa. Hakuweza. Ndipo akatoa mkono wake wa kulia kwenye koti, akaufungua. Jiwe jeusi lilikuwa bado limeshika pale kiganjani. Lilikuwa langu, nalijua kwa ufa wake. Lakini jiwe langu lilikuwa ndani ya kopo la vifungo, na nililiweka mle mwenyewe, jana yake tu, lilipoanguka mkononi mwa Furaha.

"Jiwe yako ilishika muzuri, Dokta. Haijaanguka."

Akamtazama Furaha pale kwenye mkeka, na lile doa jeusi la majivu mkononi mwake.

"Na ule mutoto, naye ulimuwekea?"

Nikatikisa kichwa kukubali.

"Basi umupatie mayi sasa, angali anaweza kunywa."

Hakusema kwa hasira. Alisema kama mtu anayekukumbusha kufunga mlango. Niligeuka kumtazama mwanangu, na nilipogeuka tena hapakuwa na mtu uani. Nikakimbilia nje. Jirani yetu muuza makala huketi palepale kwenye njia yetu, miguu ameinyoosha, huwezi kupita bila kumruka.

"Ameelekea wapi yule mgeni?"

"Mugeni gani? Papa Furaha, hakuna muntu alipita. Minye nilikusikia tu unasema peke yako, kamata, kamata, kunywa."

Kikombe kilikuwa mkononi mwangu, kimejaa mpaka ukingoni.

Nikatafuta namba ya Papa Neema kwenye simu. Akapokea mwanamke, mkewe. Nikamwuliza mume wake yuko wapi, naye akaniuliza mimi ni nani. Nikasema ni Dokta wa Uvira.

"Tulishamuzika," alisema. "Sasa iko wiki tatu. Alikuwa anaogopa mayi. Hata akisikia tu muntu anamwanga mayi inje, analia."

Unajua mtu anavyohisi akikosa hatua kwenye ngazi? Nilihisi hivyo, ila sikufika chini. Nikamwamsha Furaha, nikamkalisha, nikampa kile kikombe. Nilikodoa macho kwenye koo lake. Likashuka funda la kwanza, la pili, akamaliza yote, akaniuliza, "Papa, juu ya nini unalia?"

Nikapanda naye pikipiki. Hospitali muuguzi aliyatazama yale majivu, akanitazama mimi.

"Nani alimuwekea hii uchafu?"

"Ni minye."

Aliuosha ule mkono kwa sabuni chini ya bomba, robo saa nzima, huku Furaha akipiga kelele. Wakamchoma dawa kuzunguka kidonda, wakamchoma chanjo ya kwanza, wakaniandikia siku za nyingine. Daktari alisema huo ni raji, kichaa cha mbwa, na kwamba tulikuwa bado na nafasi. Nikamwuliza, je, angekwisha kuanza kuogopa maji? Akasema mtu akishafika hapo, wao hawana la kumfanyia. Mimi na mke wangu tulichomwa pia, kwa sababu tulikuwa tumeyashika mate ya Bobi.

Nilirudi nyumbani jioni nikamkuta Bobi amelala ubavu. Veterineri alikuwa ameitwa na hospitali, naye amekataza mtu yeyote asimkaribie. Nilisimama mbali nikamwambia, "Asi." Miguu ya nyuma ilikuwa imeshakufa. Alijaribu. Aliinua kifua, masikio yakasimama, akaanguka. Alikufa kabla hakujapambazuka, tukamzika kwenye shimo refu, tukiwa tumevaa glavu.

Kisha zikaja siku za kungoja. Kila asubuhi nilimpa mwanangu kikombe kilekile cha bati, nikapiga magoti mbele yake kutazama koo lake. Mke wangu alikuwa anasimama nyuma yangu. Muda wote ule hakuniita jina langu. Nilikuwa naomba jambo moja tu kwa Mungu, lile funda lishuke.

Chanjo zilipokwisha, na Furaha mzima, nilipanda Rurambo. Mjane wa Papa Neema alinipokea vizuri, akaniletea maziwa kwenye kikombe, kama wanavyomfanyia mgeni. Nikamwambia yote: jiwe, majivu, jinsi nilivyocheka mumewe aliposema hospitali. Nikamwambia na ile ya saa saba mchana. Hakushangaa. Akasema:

"Alikusifu mpaka mwisho. Alikuwa anasema, mumupigie Dokta, yeye anajua. Tulipiga sana. Rezo ya simu ilikuwa hakuna."

Nilitoa jiwe mfukoni nikaliweka chini. Alilichukua kwa jani la mgomba, akaenda nalo chooni, nikalisikia likianguka. Akarudi, akanawa mikono kwa sabuni, akaniambia, "Kunywa maziwa." Nilikipeleka kikombe mdomoni, koo likanikataa. Hakuniambia kwamba amenisamehe, nami sikuwa na uso wa kumwomba.

Furaha sasa yuko sekondari. Kila asubuhi kabla ya shule anakunywa maji mbele yangu, ananitania, "Papa, angalia, imeshuka." Anadhani ni mchezo wetu. Sijui kama Papa Neema alikuja kuniokolea mtoto au alikuja kutafuta tiba aliyoahidiwa. Nimewaza sana. Akija tena sitakuwa na cha kumpa, na nalikumbuka hilo kila mbwa wa jirani anaponyamaza ghafla mchana.

Watu bado wananijia. Nawaambia wampe mbwa chanjo kila mwaka, wasingoje aumwe. Nawaambia mbwa akibadilika sauti na kuacha maji, hata akiwa ni wako wa kulelewa mkononi, mkae mbali naye na mwite veterineri. Na wewe unayenisikiliza: mbwa akikung'ata, au akikulamba penye kidonda, osha kwa sabuni na maji yanayotiririka, robo saa, usihurumie. Usichanje. Usipake majivu. Kisha nenda hospitali siku hiyohiyo, na njiani usimsikilize mtu yeyote anayejua kuliko. Usipitie hata kwangu. Papa Neema alikuwa anakwenda hospitali, akapitia kwangu.