Vibete wa Mwantumu

Mwantumu alipoolewa kutoka Narung'ombe kuja huku Chiola, mama yake alimpa tenga lenye kuku vibete wawili, tetea na jogoo, wale wafupi ambao tumbo karibu liguse ardhi. Akamwambia, "Hawa ni wako, si wa mumeo. Siku akikununia, utakaanga yai lako." Mama yule sasa ni marehemu, lakini uzao wa kuku wake bado unaparua nyuma ya jiko la Mwantumu. Mimi jirani yake nalijua hilo vizuri, maana wanaparua hadi mchicha wangu.

Mumewe, Rashidy, ni mtu mwema mwenye ugonjwa mmoja, anapenda vitu vikubwa. Redio yake kubwa, jembe lake kubwa, na kuku wa kibete kwake ni kitoweo cha paka. Tetea mzee alimpa jina la Mama Mkwe, na kila asubuhi alimwamkia shikamoo ili mkewe asikie.

Mwaka jana alitoka Nachingwea mjini na boksi la vifaranga chotara, akawamwaga pamoja na vifaranga wa Mama Mkwe. Kuku ni kuku, alisema. Haukupita muda chotara wakaota mabega. Wakati wa kula waliziba sahani kwa vifua, vibete wakabaki kuzunguka nyuma kama watu waliochelewa kwenye shughuli. Usiku waliwalalia wenzao, na baadhi ya vibete hawakuamka. Ikabidi Mwantumu atoboe kitundu chini ya banda, cha kuingilia kichumba kidogo cha pembeni, kibete apite, chotara asipite, na ndani akaweka pumba na vumbi la dagaa. Chotara mmoja alijaribu kupita akakwama shingo. Mimi ndiye niliyemvuta, na shukrani yake ilikuwa kunidonoa.

Basi vibete wakapona, ila wachache, na jogoo mmoja tu. Mwantumu aliniambia waziwazi kwamba jogoo yule akiondoka, atakuwa amemzika mama yake mara ya pili.

Ukafika msimu wa korosho. Rashidy, akiona mabibo yanaozea shambani baada ya korosho kung'olewa, alileta gunia zima na kuyamwaga nyuma ya banda ili anenepeshe chotara wake bure. Hakumwambia mtu. Jua likayapiga mabibo siku kadhaa, na sisi wa huku tunajua bibo likipigwa na jua linageuka nini. Rashidy naye anajua, tena vizuri kuliko anavyokiri.

Mchana mmoja nikasikia anaita. Chotara wamelala ovyo uwanjani, mabawa chini, mmoja shingo imepinda, mwingine anatembea upande upande. Rashidy akasema ni kideri, ule ugonjwa unaofagia banda zima kwa siku chache. Na kideri kikiingia, Mwislamu hukimbilia kisu, achinje kuku angali hai kabla hajawa kibudu. Akamchinja chotara wa kwanza. Halafu, kwa kuwa ugonjwa hauchagui, akamkamata jogoo kibete, akamlaza kuelekea kibla.

Mwantumu alitoka jikoni na mwiko mkononi. Akauliza mbona vibete wote wamesimama wima, wanadonoa kama kawaida. Rashidy akajibu zamu yao inakuja. Mwantumu akainama, akamwinua chotara aliyepinda shingo, akanusa mdomo wake.

"Baba Raudha," alisema taratibu, "mnuse kuku wako."

Rashidy akanusa. Pombe tupu. Macho yake yakaenda yenyewe nyuma ya banda, kwenye lundo la mabibo ambalo chotara walikuwa wamelizingira tangu asubuhi wakiwafukuza vibete wasionje hata tone. Jogoo kibete alimponyoka mkononi, akajikung'uta, akawika pale pale. Chotara mmoja akajaribu kumjibu, akaanguka kifudifudi.

Mimi nilicheka hadi nikakaa chini. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni: siku ile katika banda lile wenye akili timamu walikuwa vibete peke yao.

Jioni walinialika kumla yule chotara aliyechinjwa. Kwetu firigisi ni ya baba mwenye nyumba, hilo halijadiliwi. Mwantumu aligawa nyama, na firigisi akaiweka kwenye sahani yake mwenyewe. Nikaacha kutafuna. Rashidy aliitazama, akamega tonge, akalichovya kwenye mchuzi.

"Kula, Mama Raudha," alisema. "Na kesho nitakiongezea ukuta kile kichumba cha vibete, Mama Mkwe asinyeshewe."