Jirani Anayeingia Kinyumenyume

Kila Mei, huku pwani ya Wales, jirani yetu wa kambi ya likizo huja, baada ya kuzunguka pwani nyingine, akiivuta nyumba yake ya magurudumu kwa gari, akairudisha kinyumenyume hadi kwenye kiwanja kilicho kando ya chetu. Sisi wenye nyumba zisizohama hutoka na vikombe vya chai kumtazama, maana wengi hapa huishia kugonga ua. Yeye hutoa kichwa dirishani, vidole vyake vifupi vikizungusha usukani taratibu kama anafungua chupa ya jemu.

"Kata kulia, bibie!" mume wangu Gethin hupiga kelele.

"Gethin, kunywa chai yako," yeye humjibu.

Wageni wakiuliza ni nani, tunajibu kwa sauti: "Huyo ni wa kwetu."

Mwaka huu muuzaji wa nyumba hapa kambini alimwingiza kwenye nyumba mpya, ya kukaa papo hapo mwaka mzima. "Umri huu, mama, unahangaika na barabara ya nini? Tulia. Ona, dirisha lote linatazama bahari."

Alisogea dirishani, mikono nyuma, akaangalia kwa adabu.

"Bahari moja tu?" akauliza.